Nilibeba Majani, Nikaacha Maneno

Gunia langu la kwanza la dawa lilisafiri limebanwa kati ya madumu mawili ya mawese na tenga la dagaa wakavu. Ilikuwa Machi 2012. Boti ya abiria ilikuwa inatoka kusini, mwambao wa Ziwa Tanganyika, njia ya Mahale, kuelekea Kibirizi, Kigoma, na mimi nimelikumbatia gunia lile usiku kucha kama mama aliyepakata mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na majani ya mjonso, mti mchungu ambao Watongwe wa kwetu wanautumia kwa maumivu ya tumbo, kwa minyoo, kwa homa na kwa kichocho. Kitaalamu unaitwa Vernonia amygdalina. Warundi wanauita umubirizi, na huko Kamerun watu wanaosha majani yake mpaka uchungu upungue, kisha wanayapika mboga. Kijijini kwetu sijawahi kuona sufuria ya mboga hiyo.

Nilikuwa mteknolojia wa maabara, binti mdogo niliyetoka kuajiriwa kwenye mradi mmoja Dar es Salaam uliokuwa ukitafuta dawa mpya ya kichocho kwenye mimea. Nilipoulizwa kama naijua mimea ya Kigoma nilijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, alikuwa mkunga na mganga, na mimi nilikulia jikoni kwake. Nilimwona akitwanga, akichuja, akiwapa watu dawa. Niliamini kwamba kuona ndiko kujua.

Kichocho chenyewe sikukichagua kwa sababu ya mradi. Kaka yangu alikuwa mvuvi wa kipe, uvuvi wa usiku kwa taa. Tulipokuwa wadogo tulioga pamoja kwenye kijito kinachoingia ziwani, palepale kina mama wanapofulia na kuosha vyombo. Kwenye majani na mawe ya kijito kile kuna konokono wadogo bapa, wa jamii ya Biomphalaria, wadogo kama ukucha wa kidole. Ndani yao ndimo kichocho cha tumbo kinamokulia kabla ya kutoka majini na kupenya ngozi ya mtu. Hakuna maumivu ya kukushtua, labda muwasho wa siku moja mbili. Wiki kadhaa baadaye minyoo wameshakomaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume amemkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake, na wanaweza kuishi humo miaka. Jike anataga kila siku. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hubebwa na damu mpaka kwenye ini na kunasa huko. Ini nalo hujitetea kwa kuyazungushia kovu. Kovu likipanda juu ya kovu, mwaka hadi mwaka, damu inakosa njia, wengu unavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya umio inatuna mpaka siku inapopasuka.

Kaka alitapika damu ziwani alfajiri moja, karabai bado zinawaka. Alikuwa na miaka 34. Wenzake waliacha nyavu majini wakampigia kasia mpaka mwaloni. Hawakuwahi.

Dawa ipo, na niseme wazi kwamba ni dawa nzuri. Prazikwanteli inagawiwa mashuleni: mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, fimbo inasema ameze vidonge vingapi, anameza, anakunja uso kwa uchungu wake, basi. Bibi mdogo mwenyewe, pamoja na uganga wake, ndiye aliyekuwa anawasukuma wajukuu waende shule siku hiyo wakiwa wameshakula. Lakini dawa inayotegemewa ni hiyo moja tu, iliyopatikana Ujerumani miaka ya 1970. Inaua minyoo waliokomaa, wachanga wanaponyoka. Haimzuii mtoto kurudi kijitoni jioni ileile. Na ini likishajaa makovu kama la kaka, kidonge hakiyafuti. Siku vimelea vikiizoea dawa hii tutakimbilia wapi? Serikalini magonjwa ya namna hii yanaitwa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Mimi nikisikia jina hilo namkumbuka kaka.

Kuna watu wananiuliza mpaka leo kwa nini tuhangaike na miti badala ya kukaa na kompyuta na kemikali. Huwa nawaeleza habari ya mwaka 2015, mwaka ambao Tuzo ya Nobeli ya tiba yote ilikwenda kwa dawa za vimelea zilizotoka kwenye viumbe hai. Nusu walipewa Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell kwa kazi iliyoleta ivermektini, dawa ambayo asili yake ni bakteria aliyechotwa na udongo karibu na uwanja wa gofu huko Japani. Ivermektini hiyo ndiyo inayowakinga mamilioni ya Waafrika na upofu wa usubi, na ndiyo tunayomezeshwa pamoja na albendazoli dhidi ya matende. Nusu nyingine alipewa Tu Youyou wa China kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye pakanga ya Kichina. Ukirudi nyuma zaidi kuna kwinini, iliyotengwa kwenye magome ya mti mwaka 1820. Tumeshakula sana mezani pa miti na udongo.

Basi gunia likafika maabara. Tulisaga majani, tukayaloweka kwenye methanoli, tukachuja, tukakausha mpaka tukapata utomvu mzito wa kijani iliyokolea. Minyoo ya kujaribia tuliipata kwa konokono. Konokono mwenye kichocho ukimweka kwenye maji chini ya taa anamwaga mabuu yanayoogelea kama vumbi lenye uhai. Unayapitisha kwenye sindano mara kadhaa mpaka mikia ikatike, unayalea, unayagawa kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kisima kikitosha punje ya harage. Chini ya hadubini vinyoo vile vichanga hujikunja na kujinyoosha, hujikunja na kujinyoosha, mpaka unajikuta unapumua nao.

Nilitia dawa ya Bibi asubuhi. Jioni vilikuwa vimesimama. Kesho yake vilikuwa vyeusi, vimejaa chembechembe, vimekufa. Niliita ofisi nzima ije kuangalia. Usiku ule sikulala. Nilimwona kaka, niliona kijito chetu, niliona na kidonge chenye jina la Kitongwe.

Msimamizi wangu, dada mmoja asiye na maneno mengi, aliangalia kwenye hadubini kwa muda mrefu, akasema, "Hata jiki ingewaua. Tujaribu kwenye seli za binadamu." Tukajaribu. Seli zilikufa kwa kipimo kidogo kuliko kilichowaua minyoo. Tukapunguza, tukatenga, tukajaribu kila sehemu ya mchujo peke yake, na kila iliyoua minyoo iliua na seli. Miezi saba ilipita hivyo.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu naona vijana wengi wanaanguka palepale nilipoanguka mimi. Waswahili tuna mwarobaini, mti tunaousifu kwamba unatibu magonjwa arobaini. Sifa hiyo inapendeza mtaani, lakini maabara inapaswa kukutia wasiwasi. Kemikali inayoua kila unachoiwekea, leo kichocho, kesho malale, kesho kutwa seli za saratani, mara nyingi haijamtambua adui yeyote. Inashika chochote kilicho hai na kukivuruga. Kinachotafutwa ni pengo: kipimo kinachomdhuru mnyoo kiwe kidogo mbali sana na kile kinachomdhuru mtu. Mimi niliona minyoo wamekufa nikaita watu, sijaliuliza pengo lile hata mara moja.

Nilimpigia Bibi mdogo. Kijijini mtandao ulikuwa unapatikana ukipanda kwenye jiwe nyuma ya shule, kwa hiyo ilibidi kwanza nimpate binamu ampeleke.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Dawa imefika?"

"Imefika, Bibi. Lakini inaua kila kitu."

Akanyamaza. "Ulitia nini?"

"Majani."

"Majani ya mjonso ni ya kuogea mwenye upele. Nani alikwambia umnyweshe mtu?"

Nilikwenda kufungua daftari langu la safari. Lilikuwa na safu tatu, nimezipigia rula vizuri: jina la mmea, ugonjwa, sehemu inayotumika. Mbele ya mjonso niliandika upele, tumbo, kichocho. Halafu: majani, shina. Sikuandika lipi ni la nini. Wala sikuandika dawa inatengenezwaje, inatolewa saa ngapi, kiasi gani, anapewa nani na ananyimwa nani. Nilibeba majani kwa sababu ni mepesi, yanakauka upesi na yanajaza gunia. Maneno ya Bibi niliyaacha jikoni kwake.

Nilirudi Novemba, mvua zimeanza. Alinipeleka nyuma ya nyumba bila kunisema. Alipita miti mikubwa miwili yenye majani mengi mazuri, ambayo mimi ningeanza nayo, akaenda kwenye chipukizi la msimu ule, nene kama kidole gumba. Akalikata kwa kisu kidogo cha samaki. Kwanza alipukusa majani yote akayatupa nyuma yake, mbali, kuku wasiyafikie. Halafu akachuna gome la kijani kwa vipande virefu, taratibu, akigeuzageuza shina mkononi, mpaka ukabaki moyo mweupe wenye maji, laini kama wa muwa. Gome nalo akatupa. Akanivunjia kipande cha urefu wa shibiri.

"Tafuna, meza maji, tema makapi. Usimeze makapi."

Uchungu ulianzia pembeni mwa ulimi ukapanda mpaka nyuma ya masikio. Machozi yakanitoka. Yeye alitafuna chake kimya akiangalia ziwa.

"Hii ndiyo inaua minyoo, Bibi?"

"Haimuui. Inamchosha. Mnyoo akichoka, mtoto anapata nafasi ya kula."

Safari hii niliandika kila kitu. Niliandika mpaka kuku.

Niliporudi nikaanza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kununua gunia. Majirani zetu wa Mahale walikuwa wameshanijibu zamani. Wajapani walianza kuwafuatilia sokwe wa milima ile tangu 1965, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa dawa za asili, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mnyonge, analala mchana, wenzake wanakula yeye hali. Akauendea mjonso. Akatupa majani, akachuna gome kwa meno, akatafuna moyo wa shina, akafyonza maji yake na kutema makapi. Kalunde alimwambia mwenzake kwamba mti ule ni dawa kali, Watongwe wanautumia. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa na nguvu zake. Miaka michache baadaye alionekana sokwe mwingine akifanya vilevile, na mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu ndani ya saa 20.

Niliposoma sehemu ya kutupa majani niliweka karatasi chini. Bibi mdogo hakuwahi kuisoma. Chausiku hakuwahi kumwona Bibi mdogo. Mikono yote miwili ilitupa kitu kilekile.

Na kemia yake nayo ilikuwa imeshafanywa Kyoto, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Majani na gome vimejaa vernodalini, kemikali kali iliyoua vimelea kwenye sahani, lakini panya waliopewa ilikuwa sumu kwao. Moyo wa shina una vernodalini kidogo. Humo walikuta kundi jingine kabisa la kemikali, wakaliita vernoniosidi. Miezi yangu saba ilikuwa imechapishwa miaka ishirini kabla yangu.

Mahale yenyewe nilifika baadaye, na huko nilionyeshwa jambo ambalo lilinitikisa kuliko hata hilo la Chausiku. Mwongozaji mmoja alitutoa kabla jua halijachomoza, tukapanda mpaka walipolala sokwe. Chini ya kiota palikuwa na kinyesi kibichi. Akakifungua kwa vijiti viwili, akatoa jani. Zima, halijatafunwa, limekunjwa kama karatasi ya kutengenezea feni, rangi yake bado ya kijani. Kwenye mikunjo alijinasa mnyoo mweupe mwembamba, mfupi, akiwa hai, anajipinda. Nikaomba nilishike jani lenzake mtini. Ni la mmea wa jamii ya Aspilia, na limejaa vinyweleo vikali kama msasa. (Msasa huu wa dukani tunauita hivyo kwa sababu ya mti, mti ambao mafundi wa zamani walitumia majani yake kulainishia mbao. Lugha yetu inakumbuka mambo mengi tuliyoyasahau.)

Mwaka 1985 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta ndani ya majani ya Aspilia kemikali yenye nguvu ya kuua vimelea, na watu wakashangilia. Waliokuja kupima baadaye hawakuiona kwenye majani. Ilibidi mtu afanye alichofanya yule mwongozaji, akae na kinyesi na vijiti, ndipo ikajulikana kwamba sokwe analimeza jani zima asubuhi tumbo likiwa tupu, na ukali wa vinyweleo unaufanya utumbo usukume haraka na kuwatoa minyoo wakiwa wazima. Ungesaga jani lile ungekuwa umeivunja dawa kwa mikono yako, halafu ungeandika ripoti kwamba haifanyi kazi. Na ungekuwa mkweli kabisa.

Nasikia uchungu ninapofikiria ni mimea mingapi ya Kigoma imeandikiwa "haifanyi kazi" kwa namna hiyo. Tu Youyou mwenyewe alikwama hapo. Mchujo wa pakanga ulikuwa unafanya kazi leo, kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandiko ya Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, yanayosema uchukue konzi ya mmea ule, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe. Hayakutaja kuchemsha. Akahisi kwamba moto ndio unaoharibu, akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 mchujo ule ukaponya panya. Alichookota ni maelekezo, siyo jani. Jani kila mtu alikuwa nalo.

Sasa nirudi kwenye moyo wa shina. Tuliutwanga ukiwa mbichi, tukakamua kwa maji baridi, tukatia kwenye visima. Siku ya kwanza vinyoo vinajikunja na kujinyoosha. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vilikuwa hai. Seli za binadamu nazo zilikuwa hai, lakini nani anasifu maji kwa kutoua? Msimamizi akasema tuuache tuendelee na mimea mingine, na kwa haki alikuwa sahihi. Tulikuwa na mimea arobaini na kitu inasubiri.

Nikakaa na daftari jipya. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu, sijui kwa nini nyekundu: *haimuui, inamchosha.*

Sahani yetu ilikuwa inauliza swali moja tu: amekufa au yu hai? Hakuna aliyeuliza kama amechoka. Nikarudi kwenye karatasi za Kyoto, na nikaona walikuwa wameandika kwamba vernoniosidi na jamaa zake ziliwapunguzia minyoo wakubwa wa kichocho mwendo, na zikawazuia majike kutaga. Nilikuwa nimepasoma hapo mara mbili bila kuona.

Fikiria hilo. Mnyoo mwenyewe kwenye mshipa hamtesi mtu sana. Mayai ndiyo yanayonasa kwenye ini. Mnyoo asiyetaga asingemuua kaka yangu.

Nilimwomba msimamizi anipe wiki tatu. Tulipata minyoo wakubwa kutoka kwa panya, jozi kwa jozi bado wamekumbatiana, tukawaweka kwenye visima vikubwa, na kila asubuhi nikawa nahesabu mayai. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, ukishalizoea hulikosei. Kwenye visima vya maji matupu nilihesabu mpaka macho yakauma. Kwenye visima vya mjonso jozi zilianza kuachana siku ya pili, majike wakalala chini wakijivuta, na mayai yakapungua. Yalipungua kweli. Kwenye vile vyenye dawa nyingi zaidi kuna asubuhi nilihesabu mara tatu nikidhani nimeruka sehemu.

Sikuita ofisi. Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi.

Sitaki mtu asome hapa akimbilie porini. Kipimo tulichohitaji kilikuwa kikubwa mno, hakiwezi kufika kwenye mshipa wa mtu kwa kutafuna kijiti, na kemikali yenyewe inabadilika ikipita tumboni kwa namna ambayo inahitaji wanakemia na fedha nyingi. Fedha ya mradi iliisha kabla hatujafika huko. Mwenye kichocho aende kituo cha afya akapimwe na apewe prazikwanteli. Hiyo ndiyo dawa. Nilichokipata mimi ni mlango, na niliufikia kwa sababu mwanamke asiyejua kusoma alichagua kitenzi kimoja kwa makini, na nusura nikitupe.

Tangu hapo nikimfundisha kijana kazi ya kukusanya mimea, mambo ya kibali, ya kukausha tawi lenye ua kati ya magazeti ili mtaalamu wa mimea alitambue, ya kuandika mahali na msimu, namweleza kwa haraka, kwa sababu yameandikwa kwenye miongozo na atayasoma. Ninachokaa nacho siku nzima ni namna ya kusikiliza. Usimuulize mganga swali la ndiyo au hapana, atakupa heshima yake akujibu ndiyo. Mwache afanye, wewe angalia anatupa nini. Akisema inachosha, inalegeza, inafukuza, inaua, inalaza, andika neno lenyewe alilolitumia, kwa lugha yake, kabla hujalitafsiri kuwa "inatibu". Kila kitenzi hapo ni jaribio tofauti la maabara. Inafukuza ni kinyesi na vijiti. Inachosha ni kuhesabu mayai. Aklilu Lemma wa Ethiopia mwaka 1964 alianza kwa kuangalia: aliwaona kina mama wa Adwa wakifua kwa matunda ya endodi, akaona konokono waliokufa wakielea chini ya pale wanapofulia, na hapo ikapatikana njia ya kukishambulia kichocho kabla hakijamfikia mtu. Mimi nilifua kwenye kijito chetu miaka yote ya utoto wangu.

Kuna deni moja nimelilipa kwa kuchelewa. Kwenye ripoti yangu ya kwanza nilimwandika Bibi mdogo "mganga wa kienyeji, Kigoma". Nilipompelekea nakala, binamu akamsomea. Aliuliza, "Jina langu liko wapi?" Binamu akamwambia halipo. Hakukasirika, aliuliza tu kama jina la mwandishi lipo. Mwaka 1989, makala ya Chausiku ilipochapishwa, jina la Mohamedi Seifu lilikaa pale juu pamoja na la Huffman, mwandishi kwa mwandishi. Kama waliweza wakati ule, mimi mjukuu nilishindwa nini? Ripoti ya pili ilitoka na jina lake kamili, kwa ridhaa yake. Alishaanza kupoteza macho. Alipitisha kidole juu ya karatasi akaniambia nimwonyeshe mahali penyewe. Nikauweka ukucha wake juu ya herufi ya kwanza. Alifariki 2019.

Mwaka jana nilikwenda tena. Siku hizi anayetoa dawa ni binti yake, mama yangu mdogo. Daftari langu la sasa lina safu moja nyembamba ya jina la mmea na safu moja pana inayobeba ukurasa mzima, nimeiandika juu yake *alivyosema*. Alichuna mjonso mbele yangu kwa kisu kilekile cha samaki, mpini umebadilishwa. Alipofika kwenye moyo wa shina akasema mgonjwa asile migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu, siku hiyo.

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Sijui. Mama alisema hivyo."

Mwaloni boti ilikuwa imeshawasha injini, binamu ananiita. Nikapiga goti moja, nikaweka daftari juu ya lile jingine, nikaandika: *asile migebuka siku hiyo, hajui kwa nini, mama yake alisema hivyo.*